Nijiuzulu nilipwe miezi miwili, au nikubali PIP?

Assalamu alaykum washauri,

Mimi ni mhandisi wa programu, umri miaka 31, mwenyeji wa Malindi, mtaa wa Shela. Nimeajiriwa na tawi la Nairobi la kampuni kubwa ya teknolojia ya Marekani, na nina miaka 3 na miezi 8 kazini. Mshahara wangu ni shilingi 420,000 kwa mwezi kabla ya makato, na kila robo mwaka hupata hisa kidogo za kampuni. Tangu mwaka juzi nafanyia kazi nyumbani, kwa sababu mama ana kisukari na ndugu zangu wote wako mbali. Meneja wangu wa zamani aliniruhusu, lakini kwa mdomo na kwa barua pepe moja fupi.

Mwezi wa tatu timu zilipangwa upya. Meneja mpya yuko Ulaya, tunaonana kwenye skrini tu. Wiki iliyopita aliniita kikaoni, nikamkuta ana mtu wa HR, idara ya wafanyakazi. Wakaniambia utendaji wangu umeshuka na nina njia mbili. Ya kwanza, nitie saini makubaliano ya kuondoka kwa hiari: siku ya mwisho iwe mwisho wa mwezi huu, nilipwe miezi 2, notisi ikiwa ndani yake. Ya pili, nianze PIP, yaani mpango rasmi wa kuboresha utendaji, wa siku 60 kuanzia tarehe 1 mwezi ujao. Nina siku 5 za kazi za kujibu.

Wameandika sababu tatu. Kwamba sionyeshi umiliki wa kutosha wa mradi, yaani siubebi kama wangu. Kwamba nachelewa kupitia msimbo wa wenzangu. Na kwamba mwezi wa nne, nikiwa zamu ya dharura, mlio wa saa nane usiku ulinipita kwa dakika 50. Hilo la tatu ni kweli: stima ilikatika mtaa mzima na intaneti ikaenda nayo. Lakini tathmini yangu ya mwaka jana ilisema nimetimiza matarajio. Wenzangu wawili wa timu hiyohiyo nao wameitwa wakaambiwa yaleyale.

Nina siku 11 za likizo sijazichukua, na hisa 24 zitaiva, yaani zitakuwa zangu rasmi, tarehe 15 mwezi ujao. Moja inauzwa kama dola 190. Barazani watu wamegawanyika. Kuna wanaosema nichukue pesa niondoke na heshima yangu, na kuna wanaosema nisitie saini kitu, niende kortini. Nifanyeje?

Mwenye Laptopu, Malindi

JIBU

Waalaykum salaam ndugu yetu, na mama tunamwombea afya.

Usitie saini wiki hii. Hatusemi usiondoke, huenda kuondoka ndiko kutakakokufaa. Ila bei waliyokuwekea ni ndogo kuliko utakachopata ukikaa tu na ukafeli hiyo PIP.

Tazama hesabu. Ukitia saini leo unapata 840,000 na pesa za likizo, basi. Zile hisa 24 zimekwenda, kwa kuwa kwa kawaida hisa ambayo haijaiva siku yako ya mwisho ya ajira hurudi kwa kampuni, hata kama imebaki wiki mbili. Sasa tuseme umekataa, umeingia PIP, na mwisho wake wamekufuta. Siku 60 ni mishahara miwili, 840,000 hiyohiyo. Notisi ya mwezi mmoja ni 420,000 juu yake. Na tarehe 15, ukiwa bado mwajiriwa, hisa zinaiva: 24 mara dola 190 ni dola 4,560, karibu shilingi 588,000 ukiihesabu dola kwa 129. Jumla 1,848,000 kabla ya kodi, likizo ikiwa mbali. Tofauti ya njia hizo mbili ni zaidi ya milioni moja.

Hizo 588,000 usizipangie zote. Hisa zikiiva, thamani yake huingia kwenye mshahara wa mwezi huo na kukatwa PAYE, ile kodi ya mshahara. Mwezi huo utavuka 500,000 na pia 800,000, kwa hiyo sehemu itakatwa asilimia 32.5 na nyingine 35. Weka theluthi pembeni. Kampuni nyingi huuza baadhi ya hisa palepale ili kulipa kodi hiyo, basi ukiona 16 kwenye akaunti badala ya 24, hujaibiwa.

Kuna jambo jingine kwenye barua yako ambalo umelipita haraka: wenzako wawili. Watu watatu wa timu moja kushuka utendaji kwa pamoja, miezi michache baada ya timu kupangwa upya, kunanukia kupunguza wafanyakazi. Kupunguza kuna kifungu chake, cha 40 katika Sheria ya Ajira ya 2007. Kinataka notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwako na kwa afisa wa kazi, vigezo vya haki vya kuchagua nani aende, likizo ilipwe taslimu, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Wewe una miaka 3 kamili: siku 45. Mshahara wako ukigawanywa kwa 30 ni 14,000 kwa siku, kwa hiyo 630,000. Ongeza notisi 420,000 upate 1,050,000. Yaani hata kile kima cha chini cha sheria kinazidi walichokupa kwa hiari. Huhitaji kuwatuhumu kwa hilo. Uliza tu, kwa maandishi, kama nafasi yako itabaki na kama itajazwa na mtu mwingine. Jibu lolote watakaloandika litakufaa baadaye.

Makampuni haya hayafanyi hivi kwa chuki. Mwisho wa 2022 na mwanzo wa 2023 yalipunguza watu hadharani: Meta 11,000 kisha 10,000 wengine, Google 12,000, Amazon zaidi ya 18,000, Microsoft 10,000. Kupunguza hadharani kuna gharama, barua kwa serikali na vichwa vya habari. Kumtoa mtu mmojammoja kwa jina la utendaji hakuna kelele. Isitoshe, alama yako huamuliwa kwenye kikao cha mameneja cha kulinganisha watu, na wewe humo humo hukaribishwi. Meneja anayejua kazi yako hukutetea kwa mifano. Meneja aliyekuja mwezi wa tatu hana mfano hata mmoja wa mwaka jana. Microsoft iliachana mwaka 2013 na utaratibu wa kupanga watu kwa mgao wa lazima, lakini popote palipo na bajeti ya alama, yaani kikomo cha alama za juu, asiye na mtetezi ndiye anayeteremshwa. Na pesa na PIP zikiwekwa mezani kwenye kikao kimoja, fahamu kwamba wanapendelea uondoke. Wapo wanaofaulu PIP, lakini tumaini la namna hiyo usilijengee nyumba.

Leo usiku fungua mkataba wako utafute mambo mawili. La kwanza ni jina la mwajiri. Kama ni kampuni iliyosajiliwa Kenya, na payslipu ina NSSF, SHA, ushuru wa nyumba na PAYE, yote tunayosema hapa yanakuhusu. Kama unalipwa kwa ankara na kampuni ya nje, sheria inakutazama kwa jicho jingine na wakili aanze hapo. La pili ni mahali pa kazi. Tunakisia umeandikiwa Nairobi. Hapo ndipo penye hatari kuliko zile sababu tatu, maana wakishindwa kuthibitisha utendaji wanaweza kusema hukuwa kazini. Barua pepe fupi ya meneja wa zamani sasa ni mali: itaje kwa tarehe katika majibu yako, ili iwe kwenye kumbukumbu yao wenyewe. Kisha jitolee kufika Nairobi kwa vikao vya PIP. Ndege ya asubuhi Malindi hadi Nairobi ni kama saa moja. Ikiwa ghali, basi hadi Mombasa kisha reli. Panga mtu wa kukaa na mama siku hizo kabla hujaahidi chochote. Amazon iliwataka watu wa ofisini warudi siku 5 kwa wiki kuanzia Januari 2025, na wengine wanaibana ruhusa kidogokidogo. Usitegemee huruma ya "nilikuwa nimeruhusiwa".

Sasa jibu la ndani ya siku 5. Liandikie HR, meneja apate nakala. Liwe fupi: umepokea mapendekezo, unaomba siku 10 zaidi ili wakili ayasome, unaomba rasimu kamili ya PIP, ushahidi wa kila sababu, na tathmini zako zote zilizopita, na wakati huo unaendelea na kazi kama kawaida. Hakuna matusi, hakuna historia ya maisha, na neno "kujiuzulu" lisionekane popote. Watu huponzwa na sentensi moja ya hasira: ukiandika "afadhali niondoke", tayari umewapa barua ya kujiuzulu, na aliyejiuzulu ana mlima wa kupanda ili kudai alifukuzwa. Mkikutana kwa skrini, usirekodi kwa siri. Baada ya kikao tuma muhtasari wa mistari mitano: tuliongea hili, mlisema hili, nimeelewa hivi, nisahihisheni. Wasiposahihisha, muhtasari wako ndio kumbukumbu.

Rasimu ya PIP ikija, isome kama unavyosoma msimbo wa mtu mwingine, ukitafuta mahali itakapovunjika. "Kuonyesha umiliki zaidi wa mradi" hakuna atakayekupima kwa hilo, kwa hiyo hakuna atakayekupasisha. Rudisha na pendekezo lenye kipimo. Kwa mfano: hati ya usanifu ya sehemu fulani iwasilishwe ifikapo siku ya 15 na ikubaliwe na wahandisi wawili waliotajwa kwa vyeo, kazi igawanywe tiketi zisizozidi siku 3 kila moja, hali ya mradi iandikwe kila Alhamisi. Kwa mapitio ya msimbo: kila ombi la mapitio lipate jibu la kwanza ndani ya saa 24 za kazi, kwa mujibu wa tarehe za mfumo wenyewe, kwa maana mfumo unaweka saa na hauna upendeleo. Na kabla ya kukubali, pima hali ya sasa: chukua maombi yako 30 ya mwisho uone ulijibu kwa muda gani, na timu nzima hujibu kwa muda gani. Pengine wewe ni wa katikati tu. Hilo liingie kwenye barua.

Angalia pia kama PIP ina kipengele cha kuikatisha siku ya 30. Zipo zenye hicho. Hata hivyo tarehe 15 itakuwa imepita. Na dai kikao cha kila wiki chenye alama ya maandishi. Meneja anayeahirisha vikao vitatu kati ya vinane amejivunjia kesi mwenyewe.

Tuje kwenye mlio wa saa nane usiku, ambao ndio pekee wenye uzito. Usiukane. Andika ripoti ya tukio kwa mtindo wenu wa kihandisi, ule usiotafuta mchawi: saa ngapi stima ilikatika, saa ngapi mlio ulitumwa, ulipitia njia gani, nani alikuwa wa pili kwenye zamu. Zamu iliyopangwa vizuri huruka kwa mtu wa pili mlio usipopokelewa ndani ya dakika 10 au 15. Ikiwa dakika 50 zilipita bila kuruka, basi zamu yenyewe ina kasoro, na ripoti iseme hivyo bila kumtaja mtu.

Kisha rekebisha upande wako, uandike ulichorekebisha. Nunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, ile ya volti 12. Betri ya mAh 8,800 ni kama wati-saa 32. Kisanduku cha faiba na ruta vikila wati 12 pamoja, karatasini ni saa 2 na nusu, wewe hesabu 2. Lakini hiyo peke yake haitoshi, maana stima ikikatika mtaa mzima hata kabati la mtoa huduma barabarani huweza kuzimika, na ruta yako inawaka taa bila intaneti. Kwa hiyo weka laini ya simu ya mtandao mwingine kabisa. Minara ya simu kwa kawaida ina betri zake. Na mlio uje kwa njia mbili: programu ya data, na simu ya kawaida inayopigwa. Wengi huacha ile ya kwanza pekee, na data ikilala nao wamelala. Ijaribu kabla ya zamu: zima swichi kuu ya nyumba, mwambie mwenzako atume mlio wa majaribio.

Jambo moja linaweza kukuharibia yote haya kwa usiku mmoja. Usinakili faili za kampuni. Mtu akishapewa PIP huanza kujitumia barua pepe za kazi, msimbo na ripoti kwenye anwani yake binafsi ili apate ushahidi. Mifumo ya kampuni hizi huona kila faili inayotoka, na hapo utendaji dhaifu unageuka kosa kubwa la nidhamu, linaloweza kukutoa siku hiyohiyo bila notisi, kabla ya tarehe 15. Chukua vilivyo vyako: mkataba, payslipu, barua za tathmini ulizopewa, taarifa za hisa. Yaliyobaki andika kwa kalamu kwenye daftari la nyumbani: tarehe, nani, alisema nini. Msimbo na data za wateja visiwemo. Mengine yanaombwa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba data zako binafsi alizonazo mwajiri.

PIP ikiisha vibaya, hawawezi kukutumia barua tu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, usikilizwe, na uwe na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama hapo kikaoni. Chagua mwenzako huyo mapema. Awe mtu mtulivu anayejua kuandika haraka. Kifungu cha 43 kinamwachia mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu. Wakikosea, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaweza kukupa fidia ya hadi mishahara 12, na hilo neno "hadi" lina kazi yake, usiende ukitarajia zote. Mahakama hiyo inakaa hapo Malindi, na muda wa kushtaki ni miaka 3. Wale wa barazani wanaokutuma kortini sasa hivi wanakutuma kabla hujafukuzwa.

Kwa maoni yetu utaishia kwenye mazungumzo, na hilo si baya. Wakati mzuri wa kuyafungua ni siku utakaporudisha rasimu ya PIP yenye vipimo, kwa kuwa hapo wameona kwamba siku 60 zitakuwa na karatasi nyingi kwao. Ipo hatari kwamba wataondoa ofa ya miezi 2. Ikiondoka, sakafu yako bado ni ile hesabu ya mwanzo. Zungumza na HR, si meneja, maana meneja hana bajeti. Omba siku ya mwisho iwe baada ya tarehe 15, bora mwisho wa mwezi ujao. Omba miezi 4, notisi iwe nje yake. Wakikupa 3 na notisi na hisa, mko sawa. Kuhusu likizo, wakueleze wanagawa mshahara kwa ngapi: siku 11 kwa mgawanyo wa 30 ni 154,000, kwa mgawanyo wa siku 22 za kazi ni 210,000. Bima ya afya iendelee hadi lini, na kama mama yumo, dawa na vipimo vyake vifanywe kabla ya siku hiyo. Kiasi kiandikwe kama ni kabla au baada ya kodi. Na ile sentensi ya kwamba hutadai chochote tena, wakili wa ajira aisome yeye mwenyewe, kwani ukishaitia saini kwa hiari na kwa kuelewa, mahakama haitaifungua kirahisi.

Wakati huohuo anza kutafuta kazi nje. Kuhamia timu nyingine ndani ya kampuni usikutegemee: nyingi hufunga uhamisho PIP inapofunguliwa, kwa hiyo kama kuna meneja anayekutaka, mpigie kesho, si tarehe 2.

Na kesho hiyohiyo, kabla ya kazi, ingia kwenye akaunti ya dalali wa hisa ubadilishe anwani ya barua pepe na namba ya simu ziwe zako binafsi. Google ilipopunguza watu Januari 2023, wapo waliogundua kwamba mifumo imewafungia kabla hawajazungumza na mtu yeyote, na aliyekuwa amesajili kila kitu kwa anwani ya kazi alikuwa na shughuli. Fanya hivyohivyo kwa benki, SACCO na akaunti ya KRA. Siku ya kuondoka dai fomu ya P9, ile ya mshahara na kodi uliyokatwa mwaka huo, utaihitaji kwa ritani kabla ya Juni 30, na cheti cha utumishi, ambacho kifungu cha 51 kinakupa bila kujali mmeachana vipi.